Somo la Shamba: Wageni wa Ua la Haradali



Mkulima wa karafuu ni mtu wa tumba. Kazi yake ya mwaka mzima yaishia pale tumba linapoanza kupiga wekundu, likachumwa kabla halijafunguka. Karafuu iliyofunguka ni hasara: kofia yake imeanguka, nyuzi zake zimetoka nje, na mnunuzi akiiona huishusha daraja. Kwa sababu hiyo sisi watu wa karafuu tumezoea kuliona ua kuwa ni kitu kilichotuponyoka, na mdudu aliyetua juu ya ua hatuna habari naye.

Somo la leo lamhusu mdudu huyo. Ili tumwone vizuri hatutaanza kwa mkarafuu, ambao maua yake yako juu sana, bali kwa mboga isiyozidi kimo cha mtu, nayo ni haradali. Tena hatutaanza hapa kisiwani. Tutakwenda kwanza Kagunga, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mkulima wa mboga wa kule na mkulima wa karafuu wa huku wana jambo moja linalowafananisha. Yeye huchuma jani kabla ya ua, na sisi twachuma tumba kabla ya ua. Wote wawili twala kile kinachotangulia ua, na wote wawili hatuna mbegu ya kesho ikiwa ua halikufunguka na mgeni wake hakufika.

KAGUNGA NI WAPI

Ujiji si jina geni katika visiwa vyetu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na watu wa Unguja walikuwa na nyumba zao huko. Jirani na Ujiji ndipo ulipo mji wa Kigoma, na reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914. Mtu akitoka Kigoma kwa boti akafuata ufuko kuelekea kaskazini, hupita chini ya vilima vya Gombe, ambavyo ni hifadhi ya taifa tangu 1968, kisha hufika Kagunga, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Wengi walilisikia jina la Kagunga mara ya kwanza Mei 2015, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika katika ufuko wake mwembamba wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma.

Nchi ya huko ina umbo lake. Mbele ni ziwa, ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ni vilima vilivyosimama kama ukuta. Katikati mna ardhi ndogo ya tambarare, na humo ndimo watu wanamojenga na kulima. Michikichi, mihogo, migomba na maharage ndiyo mazao makubwa ya ufuko ule. Mboga za majani hustawi karibu na vijito na nyuma ya nyumba, kama ilivyo kwetu.

Kwa miaka mingi njia kuu ya kufika huko imekuwa maji, na kitu cha dukani hubidi kipande boti. Kwa mtu wa mahali kama hapo, mbegu aliyoikausha mwenyewe na kuifunga kitambaani ina thamani kubwa. Akiikosa, hana budi kungoja boti, na huenda hiyo atakayoletewa si aina aliyoizoea.

JAMII YA HARADALI

Haradali twaijua kwa chembe zake ndogo tunazozitia katika achari. Lakini jamii yake ni kubwa, na nyingi kati ya mboga zinazouzwa sokoni ni ndugu wa damu. Kabichi ni haradali. Sukuma wiki ni haradali. Chainizi ni haradali. Figili nayo ni ya jamii hiyohiyo. Iko pia haradali ya Uhabeshi, mboga yenye jani pana na ladha ya ukali kidogo, inayolimwa katika mikoa mingi ya Tanzania.

Undugu huu ulithibitishwa mwaka 1935 na mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Japani, jina lake Nagaharu U. Alionyesha kwamba haradali ya Uhabeshi ni mtoto wa haradali nyeusi na mmea wa jamii ya kabichi, waliopandana zamani. Haradali ya Bara Hindi nayo ni mtoto wa haradali nyeusi na mmea wa jamii ya chainizi. Habari hii si ya wataalamu peke yao. Mimea iliyopandana zamani bila ya mtu kuipanga yaweza kupandana tena leo katika bustani yako. Tutalirudia jambo hili mbele.

Si zote zinazotoa maua kwa urahisi. Kabichi hutaka baridi kwanza ndipo itoe maua, na kwa hiyo katika nchi ya joto mbegu zake hununuliwa. Chainizi na haradali ya Uhabeshi ni kinyume chake. Ukiacha kuchuma, mara shina hurefuka na kichwa chake kikawa manjano kwa maua. Wakulima wengi wakiliona jambo hilo husema mboga imekwisha, wakaing'oa. Kwa upande wa jani, imekwisha kweli. Kwa upande wa mbegu, ndiyo kwanza imeanza.

UMBO LA UA

Chukua ua moja la haradali uliweke kiganjani. Lina majani manne ya manjano yaliyopangwa kama msalaba. Ndani yake mna nyuzi sita zenye vichwa vya unga. Nne ni ndefu na mbili ni fupi. Unga huo ndio chavua, nao ni mbegu ya kiume. Katikati kabisa kimesimama kijiti cha kijani, na hicho ndicho sehemu ya kike. Ncha yake ina unatounato wa kuishika chavua, na chini yake ndimo zinamokaa mbegu changa. Kijiti hicho ndicho kitakachorefuka na kuwa ganda lenye mbegu.

Chini kabisa, penye mashina ya zile nyuzi, mna vitundu vinavyotoa maji matamu yaitwayo mbochi. Mmea hautengenezi mbochi kwa ukarimu. Mbochi ni ujira. Mmea hauna miguu, hauwezi kwenda kwa jirani yake kuchukua chavua. Kwa hivyo humlipa mwenye mbawa amfanyie kazi hiyo. Rangi ya manjano ni kama bendera ya duka, na harufu ndiyo mpiga mbiu.

Chavua ya haradali inashikamana kidogo, na upepo peke yake hauifikishi mbali vya kutosha. Mahindi hutegemea upepo, na ndiyo maana maua yake hayana rangi ya kupendeza wala mbochi. Haradali imechagua mdudu.

WAGENI WENYEWE

Simama mbele ya haradali yenye maua asubuhi, jua likisha kupanda na umande ukisha kukauka. Usifanye haraka. Katika robo saa utaona wageni wa namna nyingi, na yafaa uwatenganishe.

Wa kwanza ni nyuki wa asali. Huyu ndiye mfanyakazi mkubwa. Mwili wake umejaa vinyweleo, na chavua hunasa humo. Katika miguu yake ya nyuma ana vikapu viwili, na ukimtazama vizuri utaona amebeba madonge mawili ya manjano. Tabia yake moja yatufaa sana: akianza safari kwa ua la haradali, hushikamana na haradali katika safari ile, haendi leo hapa mara pale. Kwa sababu hiyo chavua ya haradali hufika kwenye haradali, haipotei kwenye boga. Tena akipata malisho mazuri, hurudi mzingani akawaeleza wenzake kwa kucheza, na mchezo wake huwaonyesha upande wa kwenda na umbali wake. Karl von Frisch, aliyeufumbua mchezo huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Wa pili ni wale nyuki wadogo wasiouma, weusi, wanaokaa katika matundu ya miti na nyufa za kuta. Ni wadogo kama nzi wadogo, lakini hubeba chavua vilevile.

Wa tatu ni nyuki wa pekee, wasiokuwa na mzinga wala malkia. Kila jike hujichimbia tundu lake ardhini au katika kijiti kikavu. Hatutoi asali yao, na kwa hivyo hatuwajui, lakini kazi yao katika maua ni kubwa. Miongoni mwa jamaa zao ni yule mweusi mkubwa anayevuma na kutoboa boriti za banda.

Wa nne ni nzi wa maua. Ana mistari ya manjano na nyeusi, na wengi humdhani nyuki. Mtazame mbawa: nyuki ana nne, nzi ana mbili. Mtazame akiruka: husimama hewani mahali pamoja kana kwamba amening'inizwa kwa uzi. Huyu ana faida mbili. Mkubwa hubeba chavua, na watoto wa baadhi ya aina zake hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa chini ya majani ya mboga na kuinyonya.

Wa tano ni kipepeo. Naye hubeba chavua kidogo miguuni na usoni, lakini yataka kumjua. Kipepeo mweupe anayezungukazunguka mboga za jamii ya kabichi mara nyingi anatafuta jani la kutagia, na mtoto wake ni kiwavi. Kwa hiyo si kila mgeni wa ua ni rafiki, wala si kila mdudu wa bustani ni adui. Mkulima asiyeweza kuwatenganisha hupiga dawa kwa wote, na hao wa kwanza kufa huwa ni rafiki zake.

MBEGU HUPATIKANAJE

Mimea ya jamii hii haiko sawa katika haja yake ya wadudu.

Chainizi na sukuma wiki ni mimea inayokataa chavua yake yenyewe. Chavua ikitoka katika ua ikaangukia kijiti cha ua lilelile, au cha mmea uleule, kwa kawaida haishiki. Lazima itoke katika mmea mwingine wa aina hiyo. Mimea hii isipopata mdudu, utaona maua mengi na maganda mafupi matupu.

Haradali ya Uhabeshi na haradali ya Bara Hindi ni wapole zaidi. Zaweza kujipatia mbegu kwa chavua yao wenyewe. Hata hivyo, nyuki wakifika maganda hushika mbegu vizuri zaidi, na huiva kwa pamoja zaidi. Mtu anayeweka mbegu ataiona tofauti hiyo siku ya kupura.

Hapa ndipo lile jambo la undugu linaporudi. Nyuki hajui mipaka ya mashamba. Ukiwa na chainizi nzuri iliyotoa maua, na jirani ana ndugu wa chainizi wa aina nyingine kando ya kijito, nyuki atazioa bila ya kukuuliza. Mwakani utapanda mbegu yako na kuona majani usiyoyafahamu. Wenye kuzalisha mbegu za kuuza hutaka umbali wa kilomita moja au zaidi kati ya aina na aina. Mkulima mdogo hawezi kupata umbali huo, lakini aweza kupatana na jirani yake: mwaka huu wewe acha yako ichanue, mimi nitang'oa yangu kabla ya ua, mwakani tubadilishane zamu. Mapatano ya namna hiyo hayagharimu hata senti.

Jambo la pili: usiweke mbegu ya mmea mmoja tu. Acha mimea kumi au zaidi ichanue pamoja, tena chagua ile iliyokuwa mizuri kwa jani na iliyochelewa kutoa ua. Mtu akila mizuri na kuacha mibovu ichanue, kila mwaka mboga yake itazidi kuwa mbovu na kuwahi maua.

MDUDU WA MCHIKICHI

Hatujaondoka Kagunga. Juu ya bustani za mboga yako mashamba ya michikichi, na mchikichi nao una mgeni wake ambaye habari zake zimefika mbali duniani.

Mchikichi twaujua, maana hata Pemba upo. Mti mmoja hutoa mikungu ya maua ya kiume na mikungu ya kike, lakini si kwa wakati mmoja. Kwa hiyo chavua lazima itoke mti mmoja iende mwingine. Zamani wataalamu wengi walidhani ni upepo unaofanya kazi hiyo. Kumbe ni mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, ambaye urefu wake ni milimita chache tu. Yeye huzaa na kula katika maua ya kiume. Ua la kike nalo hutoa harufu inayofanana na ile ya kiume. Fukusi huifuata, akaingia, asipate chakula alichokitarajia, akatoka. Lakini chavua aliyokuja nayo imekwisha kubaki humo.

Wamalaya walipanda michikichi iliyotoka Afrika, wakachukua mti bila ya mdudu wake. Matokeo yake, katika mashamba mengi ya Malaysia matunda hayakushika vizuri, na ilibidi kuajiri watu wa kupita mti kwa mti wakinyunyiza chavua kwa mkono. Mtaalamu wa wadudu R. A. Syed alikwenda Kameruni kuchunguza, akamtambua fukusi huyo, na mwaka 1981 wadudu hao wakafunguliwa katika mashamba ya Malaysia. Matunda yalishika, na kazi ile ya mikono ikaachwa. Kazi ya majeshi ya vibarua ilichukuliwa na wadudu wasioonekana mpaka mtu ainame.

Huko Kigoma mti upo na mdudu wake yupo, maana ni wa Afrika. Tangu 2018 Serikali ya Tanzania imefanya juhudi kubwa ya kulifufua zao la mchikichi katika mkoa huo, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora. Mbegu bora hutaka mbolea, palizi na maji, na kila mtu hulijua hilo. Hutaka pia fukusi mzima. Mikungu ya kiume ikikatwa yote kwa kudhaniwa haina kazi, nyumba ya fukusi imebomolewa.

Sisi wa visiwani tuna mfano mwingine wa kazi ya mkono, nao ni vanila. Mmea huu ulitoka Marekani ya Kati bila ya wadudu wake, na hauzai kwetu mpaka mtu afungue ua moja moja kwa kijiti asubuhi lilipochanua, kwani halingoji siku ya pili. Njia hiyo ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Aliyelima vanila ajua uchovu wake. Basi na afikiri ingekuwaje kama kila boga, kila tango na kila embe lingetaka mkono wake namna hiyo.

ADUI WA WAGENI

Adui wa kwanza ni dawa inayopigwa wakati mbaya. Haradali ikichanua, vidukari nao huwa wengi, na mkulima huchukua bomba akanyunyiza mchana, saa ileile nyuki wako juu ya maua. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani ni za jamii ya pairethroidi. Hizo ni kali kwa nyuki, tena ni kali kwa samaki. Kwa mtu wa Kagunga hayo ni madhara mawili, kwa sababu kijito kinachopita bustanini kinaingia ziwani, na ziwa ndilo linalompa dagaa wake.

Ziko dawa nyingine zinazoingia ndani ya mmea wenyewe na kufika hata katika mbochi na chavua. Ulaya kuna mmea wa mafuta, ndugu wa haradali, ambao mbegu zake zilikuwa zikipakwa dawa za namna hiyo kabla ya kupandwa. Baada ya madhara kwa nyuki kuchunguzwa, Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka dawa tatu za jamii hiyo mwaka 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku zisitumiwe kabisa mashambani penye uwazi. Nchi tajiri zenye maabara nyingi zimelazimika kurudi nyuma katika jambo hili. Sisi tusingoje kulijifunza kwa hasara.

Adui wa pili ni moto na shoka. Nyuki haishi kwa haradali, maana haradali huchanua majuma machache tu. Miezi mingine yote hula maua ya miti na magugu, na mji wake umo katika tundu la mti. Vilima vya nyuma ya vijiji vya kando ya Gombe viliwahi kukatwa miti mpaka vikabaki uchi, na mvua ikawa inateremsha udongo juu ya mashamba. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall, iliyoasisiwa na yule bibi aliyefika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe na ambaye alifariki mwaka 2025, ilianzisha pamoja na wanavijiji kazi iitwayo TACARE ya kupanda miti na kutenga misitu ya vijiji. Miti ikirudi, udongo hushikwa. Nyuki nao hupata makao na malisho ya mwaka mzima. Kilima na bustani iliyo chini yake ni shamba moja.

TURUDI KISIWANI

Mkarafuu je? Tuseme kweli: ua la mkarafuu laweza kujichavusha lenyewe, na hatudai kwamba bila ya nyuki pasingekuwa na mbegu hata moja. Lakini nyuki hulizuru sana, na chavua ya mti mwingine huchanganya damu, jambo lililo jema kwa kizazi cha miti itakayosimama shambani miaka mingi.

Jambo kubwa ni hili. Mikarafuu yetu huoteshwa kwa mbegu, na mbegu hutoka katika tumba lililoachwa likachanua, likawa tunda. Kila mche unaogawiwa kutoka vitaluni ulianza kwa ua ambalo mtu alikubali kulikosa. Tena mbegu ya karafuu haiwekwi ghalani kama mbegu ya haradali. Ikikauka imekufa, lazima ipandwe ikingali mbichi. Kwa hiyo mwanachama mwenye mti bora, wenye afya na unaozaa vizuri, asiuchume wote. Aache matawi machache yachanue, ayawekee alama, na awaambie wachumaji wasiyaguse.

Na chini ya mikarafuu, mambo ni wazi zaidi. Boga na tango huwa na ua la kiume na ua la kike mbali mbali, na bila ya mdudu hakuna boga. Pasheni hutaka yule mweusi mkubwa anayetoboa boriti. Doriani huchanua usiku, na mgeni wake ni popo. Taarifa ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 na jopo la IPBES ilisema kwamba zaidi ya robo tatu ya mazao makubwa ya chakula duniani hutegemea, japo kwa sehemu, wadudu na wanyama wanaobeba chavua.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Mwanachama asikubali kwa kuambiwa tu. Ajaribu mwenyewe, au awape kazi watoto wa skuli.

Chagua mimea mitano ya chainizi iliyo karibu kuchanua. Katika kila mmea chagua matawi mawili yanayolingana. Tawi moja livishe mfuko wa kitambaa chepesi cha chandarua kabla ua lolote halijafunguka, na ufunge chini kwa uzi ili mdudu asipenye. Tawi la pili lifunge uzi mwekundu tu, libaki wazi. Maua yakisha kumalizika, vua mifuko. Maganda yakikauka, hesabu maganda ya kila tawi, kisha fungua maganda kumi ya kila upande na uhesabu mbegu. Andika hesabu zote katika daftari.

Fanya vivyo hivyo kwa haradali ya Uhabeshi ukiweza kuipata. Utaona kwamba chainizi iliyofunikwa itakuwa karibu tupu, na haradali ya Uhabeshi iliyofunikwa itakuwa na mbegu kiasi chake. Tofauti kati ya tawi lililofunikwa na lililo wazi ndiyo mshahara wa wadudu, nao hujalipwa wewe na mtu yeyote mwingine.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Mmea wenye maua usipigwe dawa. Ikiwa hapana budi, iwe jioni, nyuki wakisha kurudi, na uulize Bwana Shamba dawa ipi.
2. Vidukari wakiwa wachache, waoshe kwa maji ya sabuni au kata jani lenye ugonjwa.
3. Acha mimea kumi au zaidi iliyo bora ichanue kwa ajili ya mbegu.
4. Patana na jirani zamu za kuchanua.
5. Usichome majani makavu na vijiti vyote vya shamba. Nyuki wa pekee wamo humo.
6. Acha miti yenye matundu isimame, na kama una nafasi weka mzinga mbali kidogo na njia ya wachumaji.
7. Katika mkarafuu ulio bora, acha matawi ya mbegu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haradali ina rangi na mbochi, na mahindi hayana?
2. Utamtambuaje nzi wa maua asichanganyike na nyuki?
3. Ni mmea gani kati ya chainizi na haradali ya Uhabeshi unaokosa zaidi wadudu wakitoweka, na kwa nini?
4. Eleza ilikuwaje michikichi ya Malaysia ikawa na maua mengi na matunda machache.
5. Mbegu ya haradali na mbegu ya karafuu zatofautiana nini katika kuwekwa?
6. Katika shamba lako, ni mti gani utakaouachia matawi ya mbegu msimu ujao? Taja sababu zako.

Majibu ya maswali matano ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la sita liko shambani kwako.